Mti wa tini Nairobi: kwenye ndoo au ardhini?

Anayekaa gorofani hana la kuchagua: ndoo ya lita 20, itobolewe matundu sita chini, ijazwe udongo mwekundu sehemu mbili, samadi iliyooza moja na mchanga moja. Ubaya wake ni kiu. Januari na Februari mwagilia kila siku. Ukisahau siku mbili tatu, tini changa hudondoka. Kila baada ya miaka miwili utoe mti, upunguze mizizi na ubadilishe udongo.

Ardhini mti huzaa zaidi, na ukishashika hauombi maji mengi. Chimba shimo la futi mbili kwa mbili, angalau mita tatu kutoka ukutani na mbali na mabomba ya majitaka, maana mizizi huyafuata. Lakini udongo mweusi wa Embakasi hutuamisha maji wakati wa masika, mizizi ikaoza. Huko ndoo inashinda, au panda juu ya tuta. Karen, kwenye udongo mwekundu, ardhi haina mpinzani.

Ugonjwa wa kutu ya majani huja kote kukiwa na unyevu: okota yaliyoanguka, uyachome. Na ndege? Funika kwa neti, usichume mapema. Tini ikichumwa mbichi haiivi tena.