Uzoefu wangu: spea za bodaboda kwenye Honda CG125 ya zamani

Kila nikiegesha hii pikipiki Ngamiani, hapa Tanga, lazima atokee mtu aulize: spea unapata wapi? Nazipata kwenye maduka yale yale wanakonunua madereva wa boda. Injini nyingi za pikipiki za Kichina zilizojaa mjini zimenakiliwa kutoka CG125 ambayo Honda waliitoa mwaka 1976: injini ya fito za kusukuma valvu, haina cheni ya taimingi ya kulegea. Ndiyo maana pistoni, ringi, gaskiti na sahani za klachi za boda zimeingia kwenye yangu. Sasa kuingia ni jambo moja, kufanya kazi ni jambo jingine.

Yangu ni ya toleo la awali, volti 6, ya plati (vile vidude vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche). Ilikuwa ya marehemu baba mdogo, bwana shamba kule Muheza. Baadaye ikatupwa bandani kwetu Makorora, na upepo wa bahari ukaila taratibu: njiti za rimu, kromu, bolti, kote kutu. Nimeitengeneza uani mwenyewe, ila kazi ya mashine nilipeleka nje.

Nianze na kilichonifurahisha, seti ya pistoni. Bei haikufika elfu thelathini, ikiwa na ringi, pini na klipu zake. Bloku nilimpelekea mzee mmoja mwenye mashine ya kuchonga. Baada ya shikamoo akaigeuza mkononi, akapitisha kidole ndani, akauliza pistoni iko wapi. Nikamwambia naenda kununua baada ya yeye kuchonga.

“Lete pistoni kwanza, mwanangu. Mimi sichongi kwa kukisia.”

Na ana haki. Pistoni ya kawaida ya CG125 ni milimita 56.5, kwa hiyo oversaizi ya 0.50, yaani iliyozidi kawaida kwa nusu milimita, inatakiwa iwe 57. Lakini kilichoandikwa kwenye boksi na kinachosomeka kwenye mikrometa si lazima vilingane, hasa kwa spea za bei hii. Akaipima pistoni yenyewe, akachonga bloku kuifuata, kisha akamalizia kwa mawe mpaka ukutani pakabaki mistari myembamba iliyokatana. Mistari hiyo hushika oili wakati ringi zinajikalisha. Fundi akikurudishia bloku inayong’aa kama kioo, mrudishie. Huyu mzee nampa alama zote, na hakuniharakisha hata nilipomuuliza maswali ya kitoto.

Kufunga nilifunga mwenyewe. Alama ya IN juu ya pistoni inatazama valvu ya kuingiza, herufi za ringi zinakaa juu, na midomo ya ringi isipangwe mstari mmoja. Tapeti, yaani nafasi ya valvu, nimeweka milimita 0.08 injini ikiwa ya baridi kabisa. Moshi wa bluu umekwisha, na kiki sasa inasukuma mguu, kitu ambacho haikuwa nacho.

Kabureta mpya ndiyo iliyonitia hasira. Chapa siitaji, maana duka zima lilikuwa na boksi za aina ile. Silensa, yaani mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta, ilipanda na kushuka yenyewe, plagi ikawa nyeusi kwa masizi, na asubuhi nikakuta petroli imechuruzika mpaka sakafuni kwa sababu sindano ya boya haikuziba. Nikaitoa, nikarudisha kabureta ya zamani: nikazibua jeti kwa upepo wa kompresa (msiingize waya, tundu litapanuka), nikaweka mipira mipya, basi. Inatulia kuliko ile mpya. Mwenye kabureta ya Kijapani asiitupe hata kama inatisha kwa uchafu.

Umeme nao ni shughuli. Boda za siku hizi ni volti 12 na hazina plati, kwa hiyo upande huu dukani hakuna msaada. Balbu ya volti 12 ukiiweka kwenye mfumo wa volti 6 inawaka kinyonge, unaona tairi lako tu. Vijana wa gereji walinishauri ning’oe mfumo wote nifunge wa Kichina. Nimekataa. Plati zikisafishwa na kuachanishwa milimita 0.35 hivi, na kondensa ikiwa nzima, inawaka kiki ya kwanza au ya pili. Balbu za volti 6 naagiza Kariakoo.

Tangi nilisafisha kwa siki nyeupe na konzi ya nati za zamani, nikalitikisa na kuliacha mpaka kutu ikalegea. Suuza kwa maji ya magadi kuua ile asidi, kausha juani, mwagia oili ndani siku hiyo hiyo. Kwa unyevu wa huku, ukilala nalo likiwa tupu, kesho limeshaanza rangi ya chungwa.

Jambo dogo linaloharibu injini nyingi za Kijapani ni bisibisi. Skurubu za vifuniko vya injini zina msalaba unaofanana na wa kawaida lakini si wenyewe. Nyingi utaona kijinukta kichwani. Bisibisi ya kawaida inateleza na kula kichwa. Nunua ya kupigwa nyundo, ukipata yenye kichwa cha Kijapani ndiyo bora zaidi.

Kilichonishinda mpaka sasa ni shokapu za mbele. Sili nimebadilisha na bado zinavuja, kwa kuwa mirija yenyewe ina vishimo vya kutu, na sili mpya haizibi juu ya chuma kilicholiwa. Mirija ya boda niliyojaribu unene wake hauendani. Mwenye mirija mizima ya CG125 ya zamani, awe Tanga, Muheza au Korogwe, anishtue tuelewane bei.