Mycenae, Epidaurus na Korintho na mama yangu, siku 4, na kwa nini lile basi la siku moja ni kupoteza hela

Nianze na lawama ziishe mapema. Miaka miwili iliyopita mimi na mume wangu tulienda Ugiriki mara ya kwanza, tukafikia Athens, tukanunua ziara ya basi ya siku moja, ile wanakuahidi utaona Mfereji wa Korintho, magofu ya kale ya Mycenae na Epidaurus, na mji wa Nafplio, na jioni umesharudi hotelini. Kuona utaviona kweli, ila dirishani. Mycenae tulipewa dakika 40, nusu yake ikaishia foleni ya choo, halafu basi likatushusha kwenye duka la vyungu dakika 50 nzima tunamwangalia mtu anazungusha udongo huku kila mmoja anaomba asimalize maana akimaliza ni zamu yako kutoa pochi. Tukatoa. Sahani yenyewe ilifika Hamburg vipande vitatu. Kampuni siitaji, na nadhani haina haja, ziko nyingi na ratiba zao zinafanana.

Sasa mwaka huu mama alikuja kutoka Musoma kututembelea, na mama ni mzee wa kanisa, nikamwambia mama nikupeleke wapi, nikitegemea aseme Paris. Akasema Korintho. Basi Oktoba tukaruka hadi Athens, tukachukua gari la kukodi uwanjani hapohapo, tukalala Nafplio usiku 3, na nakuja kuandika hapa kwa sababu ni kama tulienda nchi nyingine kabisa na ile ya kwanza.

Mfereji kwanza, upite haraka. Umekatwa kwenye mwamba, kilomita 6 na kidogo, ulifunguliwa 1893, unasimama darajani unachungulia chini unaona kiutepe cha maji ya bluu, magoti yanalegea, unapiga picha, umemaliza. Dakika 15. Hakuna kiingilio.

Korintho ya kale ndiyo niliyokuwa naidharau, maana mabasi mengi hayaingii hata, yanaishia mferejini. Jamani. Ukiingia unakutana na nguzo 7 za hekalu la Apollo, za karne ya 6 KK, kila nguzo ni jiwe moja zima, sio vipande vilivyopangwa kama nguzo nyingi za Kigiriki utakazoona kwingine, na nyuma yake mlima wa Acrocorinth umekaa kama jitu limejilaza. Lakini hekalu ndilo kitu kikubwa cha Kigiriki kilichosimama, mengi ya chini pale ni ya Kirumi, kwa sababu Warumi waliubomoa mji mwaka 146 KK ukakaa gofu miaka mia moja hivi mpaka Julius Caesar alipoagiza ujengwe upya. Kwa hiyo Paulo alipofika alikuta mji mpya mpya, wa biashara, bandari huku na bandari kule.

Mama hizo za Apollo hakuzijali. Alikuwa anatafuta bema, kile kiti cha hukumu cha Matendo 18 ambapo Paulo aliletwa mbele ya Galio liwali wa Akaya. Ni jukwaa la mawe katikati ya uwanja, kuna kibao, unaweza ukapita bila kujua. Akafika, akafungua mkoba, akatoa Biblia yake ya zipu, akavaa miwani, akasoma sura nzima kwa sauti amesimama juani mkoba umening'inia kwenye kiwiko. Watu wawili watatu wakasimama wakawa wanasikiliza Kiswahili bila kuelewa neno. Akamaliza, akanyoosha kidole, "Kwa hiyo huyu alikaa juu pale, na Paulo kasimama hapa nilipo mimi?" Nikamwambia ndiyo mama. Akaangalia lile eneo lote, barabara ya mawe, maduka yaliyobaki misingi, chemchemi ya Peirene, akasema, "Mimi miaka yote nilikuwa najua ni kijiji. Kumbe jiji. Ndiyo maana waraka mmoja haukutosha."

Makumbusho ya pale ni madogo ila usiyaruke. Mwaka 1990 wezi waliingia usiku wakabeba vitu zaidi ya 200, na karibu vyote vikaja kupatikana 1999 Miami, Marekani, vimefichwa kwenye maboksi ya samaki. Mama mtu wa ziwani, hiyo ya samaki ilimchekesha kuliko kila kitu. Korintho naipa nyota 5, saa tatu hazikutosha.

Nafplio kama kituo cha kulala sina neno baya, labda pakingi tu. Mji wa zamani magari hayaingii, unaacha bandarini halafu unaburuta sanduku kwenye mawe. Ulikuwa mji mkuu wa Ugiriki kabla ya Athens, mpaka 1834, na kwenye kanisa la Mtakatifu Spyridon wanakuonyesha alama ya risasi ukutani, wamefunikia kioo, hapo ndipo alipouawa Kapodistrias, kiongozi wao wa kwanza, 1831. Juu yake ngome ya Palamidi ya Waveneti, ngazi wenyeji wanasema 999. Mume wangu alipanda anahesabu akapotelea mia nne na kitu, mimi na mama tukazunguka na gari kwa nyuma tukamkuta getini anahema. Kuna barabara, msione aibu.

Chakula, mtu wa kwetu hafi njaa kule. Souvlaki ni mishikaki, tusidanganyane, wanaweka ndimu na mkate. Na kuna majani ya porini wanayachemsha wanamwagia mafuta ya zeituni na ndimu, wanaita horta, mama kila siku anaagiza "ile mchicha". Bonde zima la Argos ni mashamba ya machungwa kama unapita Muheza, na Oktoba yalikuwa bado ya kijani, mama akawa haelewi kwa nini hawayachumi yameiva hivyo. Nikaeleza kwamba huku yanasubiriwa mpaka yawe ya njano. Akasikitika kidogo.

Mycenae sasa. Kutoka Nafplio ni kama dakika 25. Tulifika saa 2 asubuhi wanafungua geti, na hapa ndipo utajua ile ziara ya basi ilikuwa wizi, kwa sababu mpaka kama saa 4 tulikuwa na ngome ya miaka zaidi ya 3,200 peke yetu na paka. Lango la Simba lipo mbele yako, jiwe la juu ya mlango peke yake linakadiriwa tani 20, na juu yake simba wawili wamesimama wameelekeana, vichwa hakuna, inaaminika vilichongwa pembeni, kando na miili, vikapachikwa halafu vikapotea. Mama kutoka mkoa wa Mara akawatazama muda mrefu akasema "hawa majike". Nikaja kukuta wataalamu nao wanabishana hilohilo.

Ndani ya lango kulia ndiyo yale makaburi yaliyozungushiwa duara la mawe, ambapo Schliemann, mchimbaji magofu wa Kijerumani, alichimba 1876 akatoa dhahabu, akadai moja ya zile barakoa ni ya mfalme Agamemnon wa vita vya Troya. Sio yake, barakoa ni ya zamani zaidi kwa karne tatu hivi, ila jina limeganda. Na yenyewe haipo pale, ipo makumbusho ya taifa Athens, kwa hiyo usiende ukategemea kuiona. Kuna pia ngazi za kushuka kwenye kisima cha chini ya ardhi, giza totoro, tulishuka chache na tochi ya simu tukarudi, kunateleza. Mawe yote ya Mycenae yanateleza kwa kweli, yamesuguliwa na miguu, na kivuli hakuna. Raba na maji. Nilimwona dada amevaa kandambili anashuka kwa makalio.

Watu wengi wanatoka getini wanaondoka. Usiondoke! Shuka barabarani kama nusu kilomita, tiketi ileile, kuna kaburi linaitwa Hazina ya Atreus. Unapita kwenye ujia wa mawe unaingia kwenye kuba kama mzinga wa nyuki, juu karibu mita 13 na nusu, limepangwa mawe kwa mawe bila chokaa, na lile jiwe la juu ya mlango linakadiriwa tani 120. Waliliinuaje sijui na mimi. Ndani palikuwa na sisi watatu tu. Mama akaguna kidogo kusafisha koo, sauti ikarudi, akashtuka, akaguna tena makusudi, halafu taratibu akaanza sauti ya pili ya wimbo wa kwaya yao. Ukuta ukawa unamrudishia sauti ya kwanza, ndivyo nilivyosikia mimi. Hiyo kwenye dakika 40 za basi haimo.

Tiryns, ngome nyingine ya kale, ipo karibu kabisa na Nafplio, kuta za mawe makubwa kuliko akili, kuna kuta za vijia zimelainishwa na kondoo waliokuwa wanajibanza humo karne kwa karne. Hakuna watu. Nusu saa, nyota 4.

Epidaurus imenigawa. Ukumbi wa maonyesho ni mzuri hakuna ubishi, karne ya 4 KK, safu 55, watu kama elfu 14 wanaenea, na kiangazi bado wanaigiza tamthilia za kale humo. Ila ile hadithi ya kudondosha sarafu katikati ukaisikia safu ya juu, mume wangu alidondosha, mimi niko juu, nilisikia kitu, ningeambiwa ni kifungo ningekubali. Watafiti wa Uholanzi walipima 2017 wakasema hivyohivyo, kwamba sarafu inasikika lakini juu huko huwezi kuitambua ni nini. Mtu akiongea kwa kupaza ndiyo unamsikia vizuri ajabu. Tatizo ni kila kundi likifika linapiga makofi, linachana karatasi, saa nzima ni makofi tu.

Mimi ni nesi kwa hiyo nilichokipenda ni upande mwingine, ambako hakuna mtu. Pale palikuwa hospitali ya mungu Asklepios, yule wa fimbo yenye nyoka unayoiona kwenye nembo ya WHO. Mgonjwa analala kwenye jengo maalumu anasubiri mungu amjie ndotoni, na waliopona visa vyao vikachongwa kwenye mawe. Kimoja ni cha mama Kleo mwenye mimba ya miaka 5, akalala pale, akajifungua mtoto wa kiume aliyeenda kujinawisha mwenyewe chemchemini. Nilicheka nikakumbuka zamu za usiku wodini. Halafu kumbe anayekaribia kufa na anayekaribia kujifungua hawakuruhusiwa kuwa ndani ya eneo takatifu, mpaka karne ya 2 BK seneta mmoja wa Kirumi akawajengea nyumba. Hospitali inayomkataa mwenye uchungu! Mama akasema hizo zipo mpaka leo.

Bei zilipanda 2025, Mycenae na Epidaurus yuro 20 kila moja, inauma, ila Novemba hadi Machi Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure. Bila gari kuna mabasi ya KTEL toka Athens hadi Nafplio, sema toka hapo kwenda kwenye magofu utategemea ratiba yao au teksi.

Siku ya mwisho ilikuwa ya Palamidi tena kwa ajili ya picha, mama akakataa, tukarudi Korintho akakae tena pale saa moja. Njiani kwenda uwanja wa ndege akaniuliza Thesalonike ni mbali. Nikamwambia toka Athens ni kilomita kama 500. Akakaa kimyaaa, halafu akauliza kama gari lilelile linafika.