Blanketi la farasi la gramu 200 na baridi ya Lubumbashi

Blanketi hili limeshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Kitambaa chake cha nje ni poliesta ya denia 600 (kipimo cha unene wa uzi) isiyopenya maji, na pamba ya ndani ni gramu 200 kwa mita ya mraba. Lina vifungo viwili kifuani, mikanda inayopishana chini ya tumbo na kamba mbili za mapajani. Ushonaji ni mzuri. Shida iko kwenye hewa ya mji wetu.

Wakati wa kipwa, yaani majira ya ukavu, mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, na mchana jua hupandisha joto hadi karibu nyuzi 25. Farasi anayeachiwa pamba ya gramu 200 mpaka saa sita mchana hutoka jasho, manyoya yanalala, na jua likizama anaganda akiwa na unyevu mwilini. Kwa farasi mnene mwenye manyoya yake kamili, usiku wa nyuzi 8 si kitu, hausikii kabisa. Huyo usimvishe kitu. Mpe ukuta au ua wa matete upande wa kusini-mashariki, kwa sababu upepo wa kipwa hutoka huko.

Linamfaa nani, basi? Farasi aliyeokolewa akiwa mifupa mitupu, yaani daraja la 1 au la 2 kwenye kipimo cha unene wa farasi cha Henneke kinachoishia 9, pamoja na mzee aliyepoteza meno. Mwili wao hauna mafuta ya kuzuia joto, na kila chakula kinachochomwa kwa kutetemeka ni nyama ambayo haitarudi mgongoni. Kwa hao tunalipatia blanketi hili alama nzuri, mradi livaliwe giza linapoingia na livuliwe jua likishapanda, kila siku bila kukosa. Kwa farasi aliyefika daraja la 3 au la 4, blanketi la gramu 50 au 100 linatosha na linakauka upesi.

Kutopenya maji ni sifa utakayoilipia bila kuitumia, maana kati ya mwezi wa tano na wa tisa mvua ni kama hakuna. Faida ya kitambaa hicho ni kukata upepo.

Kabla ya kununua, angalia namba. Blanketi la vipimo vya Ubelgiji na Ufaransa huandikwa urefu wa mgongo, kutoka kwenye nundu ya mabega hadi shina la mkia: 125, 130, 135. La vipimo vya Kiingereza huandikwa futi na inchi, nalo hupimwa kutoka katikati ya kifua, kupitia ubavuni, hadi mwisho wa tako. Sentimita 135 za Kifaransa ni sawa na futi 6 za Kiingereza, ambazo ni sentimita 183. Ukizichanganya utapata blanketi linaloburuzika au linalokaba koo.

Kwa farasi aliyekonda, hata saizi sahihi husumbua. Nyama ya mabega imekwisha, nundu imechomoza kama ncha ya jembe, na blanketi linarudi nyuma na kuegemea hapo hapo. Ndani ya siku chache manyoya yanang'oka, kisha inabaki ngozi nyekundu. Shonea kipande cha ngozi ya kondoo au blanketi laini la zamani, upana wa viganja viwili, mahali pa nundu. Mshonaji yeyote wa mitaa ya Kenya au Katuba, hapa Lubumbashi, ataifanya kazi hiyo. Mikanda ya tumboni iache nafasi ya kiganja kimoja. Kamba za mapajani pitisha moja ndani ya nyingine, la sivyo zitachuna ndani ya paja. Kisha, kila asubuhi, ingiza mkono nyuma ya bega: pakiwa pakavu na vuguvugu, ni sawa, pakiwa na unyevu, limezidi. Pitisha mkono huo huo kwenye mbavu, kwa kuwa blanketi huficha farasi anayezidi kukonda.

Lakini mwenye fedha ya kitu kimoja tu anunue nyasi kavu kwanza. Nyuzinyuzi za nyasi zinapochachuka kwenye utumbo mpana hutoa joto kutoka ndani, kwa saa nyingi, jambo ambalo pamba haiwezi. Farasi wa kilo 400 anahitaji kilo 8 hivi kwa siku, na fungu kubwa lipewe jioni. Nyasi za porini za mwezi wa saba zimebaki mabua. Tafuta nyasi ya Rhodes iliyokatwa mvua zikielekea kuisha, ikingali na rangi ya kijani. Usijazie pengo kwa pumba za ngano: zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, na baada ya miezi mifupa ya uso huvimba.

Aliyefika akiwa na njaa kali ni habari nyingine. Siku tatu za kwanza apewe lusini (alfalfa) nusu kilo kila baada ya saa nne, mara sita usiku na mchana, halafu iongezwe polepole hadi siku ya kumi, daktari wa mifugo akiwa karibu. Mahindi hapana. Wanga hupandisha insulini, insulini huvuta fosforasi, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu, na moyo unaweza kusimama siku chache baada ya watu kushangilia kwamba amekula.

Na maji: yakiwa baridi sana alfajiri farasi hunywa machache, kinyesi hukauka, utumbo huziba. Changanya na ya moto hadi yawe vuguvugu, tia na kijiko cha chumvi kwenye chakula.

Vumbi jekundu likibaki chini ya blanketi hukwaruza kama msasa, kwa hiyo mpige brashi kabla ya kumvisha. Lifuliwe kwa maji baridi na sabuni kidogo, likaushwe kivulini. Mwezi wa kumi ukifika, liweke likiwa kavu kabisa ndani ya pipa lenye mfuniko, maana panya huipenda pamba hiyo.