Kusahihisha prufu kwa kalamu kwenye Linux: Xournal++ au Okular?

Kazi yangu ni kusoma prufu za vitabu, yaani kurasa za majaribio za kusahihishwa kabla kitabu hakijachapishwa. Zamani nilichapisha kurasa zote kwenye steshenari ya jirani hapa Sinza, nikazichora kwa wino mwekundu, nikapiga picha moja moja na kutuma WhatsApp. Mwaka huu nikachoka. Nikanunua Kariakoo ThinkPad Yoga ya mtumba, ile ambayo skrini unaipindua nyuma inakuwa tableti, na kalamu yake imechomekwa ubavuni. Nikaweka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Nilijiandaa kuhangaika na kalamu, lakini ilikubali papo hapo: ukikandamiza mstari unanenepa, ukilegeza unakonda.

Kuhangaika kulikuja kwenye kuchagua programu.

Nilianza na Xournal++. Ni ya bure, na kwa mkono ndiyo tamu kuliko zote nilizojaribu. Kitufe cha kalamu nimekipangia kifutio, basi naandika na kufuta bila kugusa menyu. Tatizo langu lilikuwa jasho. Kwa joto la Dar kiganja hakikauki, kikigusa skrini ukurasa unaruka. Ndani ya mipangilio kuna sehemu ya kuzima mguso kalamu ikiwa karibu. Niliiwasha, nikaongeza na muda wake. Imesaidia sana, ingawa leso chini ya kiganja bado naiweka.

Jihadhari na jambo moja. Xournal++ huhifadhi maandishi yako kwenye faili lake la .xopp, na PDF yenyewe inabaki ilipo. Mimi nilisafisha folda, nikaihamisha PDF, kesho yake programu ikaniambia haiioni. Sasa kila nikifungua prufu mpya nachagua PDF iambatanishwe na faili. Nikimaliza natoa PDF mpya, na kila nilichoandika kinakuwa sehemu ya ukurasa.

Hapo ndipo msanifu kurasa aliponipigia. "Dada, hizi alama zako siwezi kuzibofya." Yeye amezoea kuruka kutoka maoni hadi maoni, akirekebisha moja anaweka tiki. Kwake yangu ilikuwa picha tu.

Nikahamia Okular. Hii huandika maoni halisi ndani ya PDF, yale ambayo programu nyingine zinayatambua. Lakini usiandike kwa mkono humo! Kila mstari wa kalamu unahesabika kuwa maoni yake: neno "futa" likaniletea maoni zaidi ya manne pembeni, na unene wa mstari haufuati mkono. Nikaacha. Napaka njano kwa kalamu, maelezo nachapa kwa kibodi: "ng'ombe, alama ya ng' imegeuka." Msanifu akafurahi.

Mwandishi sasa. Ni mzee, mwalimu mstaafu, kila kitu anafungulia simuni. "Mwanangu, umenipaka njano kitabu kizima, kosa ni nini?" Maelezo niliyochapa hayakuonekana kwenye simu yake. Nikamrudishia ile ya Xournal++, mwandiko wangu mbaya na yote, akaelewa.

Rnote nayo niliijaribu. Ni nzuri kwa kuchora mawazo, ukurasa wake hauna mwisho, ila niliipata kwa Flatpak, njia mojawapo ya kusakinisha programu kwenye Linux, na bando likaenda mamia ya MB kabla sijaandika herufi. Nimeiondoa. Kivinjari cha Firefox nacho, tangu toleo la 106, mwaka 2022, kinakuwezesha kuandika na kuchora juu ya PDF; nakitumia kutia sahihi mikataba, basi.

Kwa hiyo sasa kabla ya kufungua faili nauliza kwanza linakwenda kwa nani. La mwandishi, Xournal++. La msanifu, Okular. Kitabu chenye wote wawili nakipitia mara mbili, na malipo ni yale yale.