Uzoefu wangu: hadithi ya kusikiliza safarini kutoka Mtwara hadi Lindi

Nilinunua kwa simu rekodi ya hadithi fupi ya O. Henry ya mwaka 1907, ile ya Sam na Bill wanaomteka mtoto wa tajiri mmoja huko Alabama, Marekani, ikiwa imesimuliwa kwa Kiswahili, nami nikaisikiliza ndani ya basi la kwenda Lindi. Msimuliaji anastahili sifa, ingawa waliotengeneza rekodi walimwangusha mahali pamoja.

Sam, ambaye ndiye anayesimulia kisa, anaanza kwa kusema kuwa mpango wao ulionekana mzuri, kisha anatutaka tusubiri kwanza atueleze. Hapo hapo taharuki imeshategwa na kicheko kimefichwa ndani yake, kwa kuwa tunajua kuna jambo litaharibika, ila hatujui litaharibikaje. Msimuliaji anayasoma maneno hayo kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nzito, bila kuchekacheka. Angecheka yeye mwanzo, sisi tusingebakiwa na la kungojea.

Tulipopita Mikindani, mama aliyeketi kando yangu aliomba naye asikilize, nikachomoa visikilizi. Alianza kwa kumhurumia mtoto. Lakini mtoto alipomkalia Bill kifuani alfajiri, kisu mkononi, akitaka kumchuna ngozi ya kichwa, na baadaye akamwangusha motoni kwa jiwe, mama aliniuliza, "Mwanangu, hawa watekaji watapona kweli?" Taharuki haikuwa imepungua hata kidogo, ila ilikuwa imehamia kwa watu wasiostahili kuhurumiwa, na kwangu mimi ucheshi wote wa hadithi hii unatoka hapo.

Fedha nazo zinasimulia. Watekaji walipanga kudai dola 2,000, wakashuka hadi 1,500 kwa kumsikiliza Bill, na baba mtu akajibu kwa barua kwamba wao ndio wamlipe dola 250 ili akubali kumpokea mwanawe. Jibu hilo linataka kimya kabla yake. Badala ya kimya, watengenezaji wakaweka muziki wa vichekesho, mama akaanza kucheka barua ikiwa haijafunguliwa, na kiasi kilipotajwa alikuwa ameshatulia, anatazama dirishani.

Bei ni ndogo na sauti inasikika vizuri hata basi likinguruma. Wakiuondoa muziki huo, nitawanunulia wapwa zangu nakala yao.