Kijiko cha fedha cha enzi za akina George: kigeuze kwanza

Karibuni tena, jamani. Leo mezani nina vijiko vitatu vya fedha kutoka Uingereza, vya zama za wafalme wanne waliofuatana kwa jina la George, 1714 hadi 1830. Wengi hukitazama kijiko upande wa mbele. Kigeuzeni.

Hiki kidogo ni cha chai. Ngoja nikisogeze kwenye kamera. Mnamwona ndege hapo mgongoni? Ametoka tunduni, kasimama juu ya tundu lenyewe, na pembeni kuna maneno ya Kiingereza ya kuupenda uhuru. Picha hii huhusishwa na wafuasi wa John Wilkes, yule mwanasiasa aliyemtia kiwewe George wa Tatu. Siasa kwenye kijiko cha chai! Na mgongoni hasa, kwa sababu zamani hizo vijiko viliandaliwa mezani kifudifudi, mgeni akaona mgongo kwanza. Ndiyo maana ncha ya mpini imekunjwa kuja mbele.

Kuanzia miaka ya 1760 mtindo ukageuka. Hiki cha pili ncha yake imekunjwa kwenda nyuma, kililazwa chali, na nakshi zikahamia mbele: michoro midogo ya kukata kwa pembe, inametameta ukikizungusha kwenye mwanga. Someni mihuri sasa, zile alama ndogo zilizogongwa kwenye fedha. Simba anayetembea ni fedha halisi, sehemu 925 kwa 1000. Kichwa cha chui ni London. Kichwa cha mfalme ni kodi iliyolipwa, ulianza 1784. HB ni Hester Bateman, mjane aliyesajili chapa yake mwaka 1761. Kazi safi, ila jina hilo linapandisha bei kupita kiasi, kwa maoni yangu.

Cha tatu, chenye nakshi ya matunda iliyogongwa ikafura, na kilichopakwa dhahabu kwa ndani, kinang'aa kweli. Mihuri ni ya enzi za George, lakini matunda yaligongwa baadaye, zama za Malkia Victoria. Pakulieni saladi ya matunda. Kwenye mkusanyiko sikipi nafasi.

Mwenye hela ya kimoja achukue cha ndege. Asishtuke kukosa herufi ya mwaka, yaani muhuri wa herufi unaoonyesha mwaka, vijiko vidogo vingi vya wakati ule vina simba na chapa ya fundi tu. Ila picha ikiwa imelika hadi unabahatisha kama ni ndege au jahazi, mwachie muuzaji.