Kutafuta Ruzuku Maktabani: Tathmini ya Huduma ya Taarifa za Wafadhili, Maktaba Kuu ya Philadelphia

Kwa muda wa miaka miwili chama chetu cha familia zinazozungumza Kiswahili hapa Philadelphia kilitafuta fedha kwa njia ileile ambayo vyama vingi vya wahamiaji huitumia: mwanachama akisikia jina la wakfu wenye mali (foundation, yaani mfuko wa hisani wa familia au kampuni), katibu huandika barua. Katibu ni mimi. Niliandika barua 23, nikapokea majibu manne ya kukataliwa kwa adabu, na zilizobaki hazikujibiwa kabisa. Tulichokuwa tunaomba hakikuwa kikubwa, yaani kodi ya ukumbi wa darasa la Jumamosi, vitabu, na posho ya walimu wawili wanaowafundisha watoto Kiswahili na kuwasaidia mama zao kwa Kiingereza. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mwenyeji wa Uvira ambaye watu wote humwita Mama Mwenyekiti, ndiye aliyesema tuache kuandika hadi tujue tunamwandikia nani. Nikaenda maktaba.

Huduma ninayoitathmini iko katika Maktaba Kuu ya mtandao wa maktaba za umma uitwao Free Library of Philadelphia, namba 1901 Vine Street, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1927 na linalotazamana na Logan Square. Sisi tunaokaa kusini magharibi ya jiji hupanda tramu hadi kituo cha 19th Street na kutembea kwa dakika chache kuelekea kaskazini. Sehemu yenyewe inaitwa Regional Foundation Center, na iko ghorofa ya chini ndani ya kituo cha maktaba kinachowahudumia wafanyabiashara wadogo na mashirika yasiyo ya faida. Huduma hii hailipishwi hata senti moja. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kanzidata ya wafadhili na ruzuku zao inayotumika pale, mtu akitaka kujisajili mwenyewe nyumbani kwa kiwango cha kitaalamu, ina ada ambayo chama chenye mfuko kama wetu hakiwezi kuibeba.

Kanzidata hiyo ni ya shirika la Candid, lililozaliwa mwaka 2019 pale mashirika mawili ya taarifa za hisani, Foundation Center na GuideStar, yalipoungana. Foundation Center ilianza New York mwaka 1956, na sababu ya kuanzishwa kwake inastahili kujulikana na kila anayeomba ruzuku Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bunge la nchi hiyo lilizichunguza wakfu kwa mashaka makubwa, na Russell Leffingwell, aliyekuwa mwenyekiti wa wakfu wa Carnegie Corporation, aliwaambia wabunge mwaka 1952 kwamba wakfu zinapaswa kuwa na mifuko ya kioo, ili kila mtu aone kilichomo na kinachotoka. Kituo cha taarifa kilichofunguliwa miaka michache baadaye kilikuwa jibu kwa mashaka yale, na kutokana nacho umekua mtandao wa maktaba na vituo shiriki katika majimbo mbalimbali, ambako mtu yeyote anaweza kuketi na kusoma hesabu za matajiri. Kwa hiyo aingiaye pale asijione kuwa anaomba fadhila. Taarifa hizo zipo kwa ajili yake.

Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo nadhani kila mgeni hulifanya. Niliandika neno la elimu katika kisanduku cha kutafutia, nikachagua jimbo la Pennsylvania, na orodha iliyojitokeza ilikuwa ndefu kiasi kwamba nilihisi nimerudi palepale pa barua 23. Mkutubi wa zamu, mwanamke mtaratibu ambaye hakunifanya nijione mjinga hata mara moja, alivuta kiti akaniuliza swali moja: ni vikundi gani hapa jijini vinavyofanya kazi inayofanana na yenu, na vina ukubwa kama wenu? Nilimtajia vitano. Akanielekeza niache kutafuta wafadhili, nitafute wapokeaji, halafu nitazame kila mmoja wa hao watano alipata fedha kutoka wapi, kiasi gani, mwaka gani na kwa kazi gani. Ushauri huo ndio thamani halisi ya huduma hii, na ndiyo maana siwezi kuitathmini kana kwamba ni kompyuta peke yake.

Jambo hilo linawezekana kwa sababu ya karatasi moja ya kodi. Kila wakfu binafsi nchini Marekani unalazimika kuwasilisha kila mwaka, kwa mamlaka ya kodi ya IRS, fomu iitwayo 990-PF, na fomu hiyo ni mali ya umma. Ndani yake kila ruzuku iliyotolewa imeandikwa: jina la aliyepokea, anwani yake, madhumuni, na kiasi. Kuna majina ya wadhamini. Kuna thamani ya mali za wakfu, nayo ina maana yake, kwa kuwa sheria, tangu mageuzi ya kodi ya mwaka 1969, inazitaka wakfu hizi zitoe kiwango cha chini kila mwaka, ambacho kwa sasa ni takriban asilimia 5 ya wastani wa thamani ya vitega uchumi vyao. Ukiijua mali, unaweza kukadiria fedha zitakazotoka. Na kuna kisanduku kidogo, ambacho laiti ningekifahamu mapema kingeniokolea nusu ya stempu zangu, ambapo wakfu huweka alama kutangaza kwamba unatoa kwa mashirika uliyoyachagua wenyewe tu na haupokei maombi ambayo haukuyaalika.

Nilipozirudia barua zangu za zamani nikiwa na fomu mbele yangu, nilikuta kwamba wakfu tisa kati ya 23 zilikuwa zimeweka alama hiyo. Nyingine sita hazikuwahi kutoa hata dola moja nje ya kaunti zao. Nyingine zilitoa kwa hospitali na vyuo vikuu, kwa viwango vinavyozidi bajeti yetu ya miaka kumi. Hakuna aliyetudharau, mimi ndiye niliyekuwa nikibisha milango ya nyumba zisizokuwa zetu.

Vilevile orodha ya ruzuku humfundisha mtu ukubwa wake. William Penn Foundation, ulioanzishwa na familia ya Haas mwaka 1945, ndio jina la kwanza analolitaja kila mtu wa Philadelphia ukimuuliza habari za ruzuku, lakini ukisoma mistari ya fomu yake unaona kwamba ruzuku zake nyingi huenda kwa taasisi zenye wafanyakazi wa kuajiriwa, mkaguzi wa hesabu na historia ndefu. Ni habari muhimu, nayo haivunji moyo hata kidogo. Inakuambia uanzie wapi. Sisi tulianza na wakfu za familia ambazo majina yao hayajulikani mitaani, zinazotoa dola 2,000 hapa na dola 5,000 pale, na ambazo miaka mitatu mfululizo zimewapa watu wanaofundisha watoto wa wahamiaji. Baada ya ziara nne za takriban saa tatu kila moja, orodha yangu ilikuwa imebaki na majina manane.

Nizungumze sasa juu ya mapungufu, kwa kuwa yapo, na mengi yanatokana na aina ya taarifa zenyewe.

La kwanza ni uchelewaji. Wakfu unaofunga hesabu mwezi Desemba una hadi Mei 15 kuwasilisha fomu, na ukiomba nyongeza ya muda unaweza kufika Novemba 15. Ongeza muda wa IRS kuitoa na wa kanzidata kuipokea, nawe utakuwa unasoma habari za mwaka mmoja au miwili iliyopita. Sheria ya mwaka 2019 iliyolazimisha fomu hizi ziwasilishwe kwa njia ya kielektroniki imesaidia, lakini haijaondoa pengo. Wadhamini hufariki, vipaumbele hubadilika. Kwa hiyo kila jina linalotoka katika kanzidata ni lazima lihakikiwe kwenye tovuti ya wakfu wenyewe, kama ipo, au kwa kupiga simu.

La pili ni kwamba kuna fedha zisizoonekana. Kampuni inayotoa misaada moja kwa moja kutoka idara yake ya mahusiano, bila kupitia wakfu, hailazimiki kujaza 990-PF. Mtu binafsi anayeweka fedha zake katika akaunti ya ushauri wa mtoaji (donor-advised fund), iliyo chini ya shirika la hisani la umma na ambamo yeye hushauri tu fedha ziende wapi, jina lake halionekani. Linaloonekana ni la shirika linaloishikilia akaunti. Aina hii ya utoaji imekua sana Marekani, nami naona ni hatua ya kurudi nyuma kutoka ile mifuko ya kioo aliyoizungumzia Leffingwell.

La tatu ni lugha. Kila kitu ni kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wahasibu. Wanachama wetu wengi waliosoma Bukavu au Bujumbura wana Kifaransa kizuri na akili ya hesabu kuliko mimi, lakini hawakuweza kuitumia kanzidata peke yao. Tulilitatua kwa kwenda wawili wawili. Aidha, leseni za maktaba kwa kanzidata za aina hii kwa kawaida hufunguka ndani ya jengo tu, jambo ambalo ni gumu kwa mama anayefanya kazi zamu ya mchana na kulea jioni.

Kuna ukuta mwingine ambao maktaba haiwezi kuubomoa, ila inaweza kukuonyesha mlango wake. Takriban wakfu zote hutoa kwa mashirika yenye hadhi ya kikodi ya 501(c)(3), yaani mashirika ya hisani yaliyosamehewa kodi. Sisi hatukuwa nayo. Mkutubi alinieleza utaratibu wa shirika mlezi, ambapo shirika lililokwisha kupata hadhi hiyo hupokea ruzuku kwa niaba ya kikundi, husimamia hesabu zake, na hukata asilimia fulani kwa gharama za usimamizi. Mapatano lazima yaandikwe na kusomwa vizuri kabla ya kutiwa saini. Tulipata shirika mlezi kabla ya kutuma barua hata moja ya awamu mpya.

Hapa naomba kutoa onyo kwa vyama vingine. Kabla ya haya yote, mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa mshauri alikuja kwenye mkutano wetu akaahidi kutuandikia maandiko ya miradi kwa sharti la kulipwa asilimia 15 ya ruzuku itakayopatikana. Baadhi yetu waliona ni haki, kwa kuwa tusingelipa chochote tukikosa. Baadaye nilisoma kwamba kanuni za maadili za chama cha wataalamu wa uchangishaji cha Marekani, AFP, zinakataza malipo ya asilimia ya namna hiyo, na sababu ni rahisi kuielewa: mfadhili anatoa fedha kwa ajili ya watoto wa darasa, hakutoa kwa ajili ya dalali. Mtu akikujia na sharti hilo, mshukuru umpeleke mlangoni.

Wasomaji walioko Afrika Mashariki watauliza haya yanawahusu vipi. Yanawahusu. Fomu za 990-PF zinaweza kusomwa bure popote duniani kupitia Nonprofit Explorer, tovuti iliyoanzishwa na shirika la habari la ProPublica mwaka 2013, na ndani yake mtu anaweza kutafuta neno kama Tanzania au Burundi na kuona ni wakfu gani zilizoyaandika katika fomu zao. Fungua kwa mfano fomu ya Segal Family Foundation, wakfu wa Marekani unaoelekeza fedha zake kwa mashirika ya Afrika, usome anayepata ni nani na kwa kiasi gani. Elewa pia kwamba wakfu wa Marekani unaotaka kumpa mpokeaji wa nje una kazi ya ziada kisheria: ama kuthibitisha kwamba shirika hilo linalingana na shirika la hisani la Marekani, ama kufuatilia matumizi na kutoa ripoti kwa IRS. Wakfu ndogo nyingi hukwepa kazi hiyo kwa kutoa kupitia mashirika ya kati, yaani yanayopokea fedha zao na kuzifikisha kwa wapokeaji wa nje. Kikundi cha Kigoma au Kilifi kikilijua hili, kitajua kwamba barua yake ya kwanza pengine iende kwa shirika la kati, wala si kwa tajiri mwenyewe.

Matokeo yetu ni haya. Kati ya majina manane tuliandika kwa matano, barua fupi za kurasa mbili, kila moja ikitaja ruzuku ambayo wakfu huo uliwahi kuitoa na kueleza kazi yetu inafanana nayo wapi. Wawili walikataa, mmoja hajajibu, mmoja alituita tuzungumze na ametuambia tuombe tena baada ya mwaka. Wa tano ametupa dola 5,000, na shirika mlezi limekwisha kuzipokea. Zinatosha kodi ya ukumbi hadi Juni, na vitabu.

Jumamosi ijayo nawapeleka wanachama watatu maktabani. Tumepanga kila mmoja aje na majina ya vikundi vitano.